Dada wa Kazi Kutoka Ng'ambo ya Isebania

Mama yangu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Nilimtoa Karungu, alikokuwa akiishi peke yake, nikamleta Homa Bay katika nyumba ninayopanga karibu na shule ninayofundisha. Sina mume wala mtoto. Kwa wiki tatu nilitoka darasani mbio kila kengele ya mapumziko, nikamgeuza, nikamnywesha uji, kisha nikarudi kwa wanafunzi vidole vikiwa bado na vumbi la chaki.

Wifi yangu, mke wa kaka, huuza mitumba Migori mjini na huenda Isebania, mpakani, kununua mizigo. Ndiye aliyenipigia simu.

"Nimekupatia mtu," alisema. "Mkuria wa upande wa Tanzania, kule Tarime. Mpole. Alimuuguza nyanya yake mpaka mwisho."

Alikuja Jumapili, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na begi moja la mgongoni. Kabla ya kuketi alikwenda kitandani kwa mama, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama, ambaye maisha yake yote amesema Kijaluo na Kiswahili cha sokoni tu, alinigeukia akitaka kujua ameambiwa nini. Nikamwambia ameamkiwa.

"Useme marahaba, mama," mgeni alimwambia, akimshika ule mkono uliolegea. "Mara-haba."

Mama alihangaika na ulimi wake. "Maaba," alisema. Nilikuwa sijamsikia akijaribu neno jipya tangu augue. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka macho yakakauka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, lakini nyumbani kwangu Kiswahili kilikuwa cha amri: leta, weka, ondoa. Yeye alikuwa akisema "naomba chumvi", "naomba nikupishe", "samahani, dada". Mwezi mmoja haukuisha kabla sijaanza kusema hivyo hivyo hata kwa kondakta. Yeye naye alijifunza Kijaluo kwa mama, neno kwa neno, huku akimkanda miguu kwa mafuta. Mama alimwita nyar Tanzania, yaani binti wa Tanzania. Jina lake halisi nadhani hakuwahi kulishika.

Siku aliyofika alinipa karatasi yake ya kusafiria. "Naomba unitunzie, dada, isije ikalowa." Niliiweka kwenye droo pamoja na vyeti vyangu, nikafunga kwa ufunguo. Sikusoma tarehe iliyogongwa juu yake. Mshahara nilimtumia bila kuchelewa, alikula tulichokula, na hilo lilinitosha kujiona mwajiri mwema.

Sisi ni Wasabato. Kila Jumamosi nilivaa vizuri nikaenda kanisani kupumzika na Mungu wangu, na jioni wageni walikuja kumwombea mama. Siku hiyo ndiyo yeye aliyofanya kazi zaidi: kumwogesha mama mapema, kupika, kuosha vikombe vya watu wote. Jumapili mimi nilisahihisha madaftari, na yeye alifua. Ilipita miaka miwili na sijui hata siku moja aliyoamka akajua kwamba leo ni yake.

Alikuwa na binti wa miaka sita, aliyemwacha kwa mama yake Tarime. Walikuwa wakizungumza kwa simu yangu, nami nilisikia kila kitu kwa sababu nyumba ni ndogo. Mtoto alimwita "dada", kama alivyosikia wajomba zake wakimwita. Kwa mtoto huyo, mama alikuwa bibi yake. Yeye aliitikia tu, "Abee, mwanangu," halafu akinirudishia simu alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo nilichagua kutoielewa.

Kila alipoomba kwenda kumwona nilimwambia, "Ngoja kidogo." Ngoja tufunge shule. Ngoja mama aanze kushika kijiko.

Halafu mtoto akaugua surua. Yeye akanijia jikoni nikimenya viazi.

"Dada, naomba ile karatasi yangu. Nataka niende nyumbani."

"Wiki hii wanafunzi wana mtihani."

"Najua, dada."

"Ukienda, nani atamwinua mama?"

Alichukua kisu mkononi mwangu akaendelea kumenya pale nilipoachia. Sikufungua droo. Ninaandika haya kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili nikiiruka sehemu hiyo.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya leba, inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikuwa nimesikia kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuondoka bila kutoa notisi, nikataka niambiwe hivyo na serikali, nirudi nimwambie sheria inasema abaki. Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mkataba wa maandishi uko?"

"Tulielewana kwa mdomo."

"Ana kibali cha kufanya kazi nchini?"

"Ni jirani tu. Ni Mkuria, kama Wakuria wetu."

"Ni raia wa nchi nyingine. Siku yake ya mapumziko ni ipi?"

Nilitaka kusema Jumapili, nikakumbuka nguo anazofua.

"Likizo ya mwaka amewahi kwenda? Umemwandikisha kwenye akiba ya uzeeni, na matibabu?" Alivaa miwani, akaniangalia. "Na karatasi zake anazo nani?"

"Mimi. Nimemtunzia."

"Akizitaka unampa?"

Nilitazama mikono yangu.

"Mwalimu," alisema, na hakuwa na ukali, "umekuja kushtaki au kujishtaki?"

Alinieleza polepole, kama ninavyoeleza mimi ngeli. Mgeni anayefanya kazi ya nyumbani ana haki zilezile za mfanyakazi yeyote. Kibali chake ni jukumu la mwajiri kukiomba kabla hajaanza kazi, na stakabadhi zake si mali ya mtu mwingine. Akienda kumwona mtoto mgonjwa hakuna notisi inayomzuia mlangoni. Akatoa karatasi, akaniandikia hatua za kufuata. Ya kwanza ilikuwa: arudi kwao, asubiri huko mpaka kibali kitoke.

Nilirudi nyumbani nikafungua droo. Nilimpa karatasi yake kwa mikono miwili. "Nisamehe," nilimwambia. Aliipokea, akaisoma tarehe, akasema, "Imeisha muda siku nyingi, dada. Nilijua. Niliogopa kukuambia."

Nilimwita wifi akae na mama, na yeye nikamsindikiza mpaka mpakani. Nilisimama naye mbele ya dirisha la uhamiaji nikasema kosa ni langu. Ofisa kijana alinifokea mbele ya watu, na faini nikalipa. Yeye alibaki ameinamisha kichwa kana kwamba anafokewa yeye. Upande wa pili wa kizuizi aligeuka akapunga mkono mara moja, akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilihisi kama kitu kimetolewa mwilini mwangu.

Mtoto alipona. Nami nikaanza kujaza fomu za kibali. Kulikuwa na sehemu ya kueleza kwa nini kazi hii haiwezi kufanywa na Mkenya. Niliandika barua hiyo mara nne. Ningesema nini? Kwamba yeye humpa mama chai kwanza ndipo amgeuze, kwa sababu mama hukasirika akiguswa kabla ya chai? Kwamba mama hukataa uji wa mkono wangu? Kwamba nikirudi kutoka shule sasa hakuna anayeniambia "pole na kazi"? Mwishowe niliandika kwamba ana uzoefu wa kutunza wagonjwa wa kiharusi na anaelewana na mgonjwa. Niliambatanisha mkataba nilioandika kwa Kiswahili safi kuliko vyote nilivyowahi kuandika: saa zake, likizo yake, siku yake ya mapumziko. Mstari huo wa siku niliuacha wazi aujaze mwenyewe.

Miezi ilipita. Niliajiri mama mmoja wa Ogwedhi, mwenye mkataba na Jumapili yake, mtu mzuri na mkimya. Kila mchana mama aliuliza, "Nyar Tanzania odwogo?" Amerudi? Nilimjibu bado.

Kibali kilipotoka nilipiga simu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

"Dada! Shikamoo!" Sauti yake ilinijaa kifuani. Nilimwambia habari zote kwa pumzi moja.

"Nashukuru sana, dada. Hakuna aliyewahi kunihangaikia hivyo. Lakini sitakuja."

"Ni mshahara? Tunaweza kuzungumza."

"Hapana. Mtoto ameanza kuniita mama."

Nikamwambia ni vizuri, na nikarudia ni vizuri.

"Naomba kitu kimoja tu," alisema. "Nimepata nafasi kwenye zahanati hapa kwetu, ya kusaidia wagonjwa. Wanataka barua kwamba nilifanya kazi. Kama hutajali."

Ofisa wa leba alikuwa ameniambia kuhusu barua hiyo pia: ni haki ya mfanyakazi anapoondoka, na mwajiri haruhusiwi kumnyima. Inatakiwa kutaja jina, aina ya kazi, mahali, siku ya kuanza na ya kumaliza. Nilipoiandika ilikuwa mistari mitano. Nilikaa nayo mezani nikitafuta mahali pa kuongeza neno, na hapakuwa na mahali. Nikaitia sahihi, nikampa wifi aivushe.

Mama bado anauliza, ingawa si kila siku. Siku hizi simwambii tena "bado". Namwambia yuko kwao, na kwamba anatusalimia, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa hupiga simu sikukuu. Mama husikiliza, huangalia mlango kwa muda, kisha huniruhusu nimgeuze.