Zafarani Ndani ya Kalamu Yangu

Kalamu yangu haikuwa na kifuniko, na hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Unabonyeza kitako chake, tak, nibu, ile ncha ya kuandikia, inachungulia kwa mbele. Unabonyeza tena, inarudi ndani na kijilango kidogo kinajifunga, wino usikauke. Kaka yangu alikuwa baharia, akaniletea kutoka safarini miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nikawa msichana pekee mtaani kwetu Kikwajuni mwenye kalamu ya namna ile. Mniseme mtakavyo, nilijivuna. Kitu chenyewe kilistahili kujivuniwa.

Na kujivuna kwenyewe kulikuwa na kazi yake, maana kalamu ya kubonyeza haitaki mvivu. Kila Ijumaa niliifungua katikati, nikautoa utumbo wake, yaani nibu pamoja na kijimpira cha kunyonyea wino. Nibu naitia katika kikombe cha maji ya vuguvugu, nabinya mpira na kuachia, nabinya na kuachia, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Maji ya moto mwiko, yanaua mpira. Kisha naifuta kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kwani kanga mpya hainyonyi maji. Kile kijilango nakisafisha kwa ncha ya kitambaa iliyosokotwa, maana wino ukigandia pale hakifungi tena. Wala sikumruhusu mtu kuigusa. Nibu huzoea mkono wa mwenyewe. Ukimwazima mtu, anakurudishia ya kwake.

Sasa, mjomba wangu. Baba alikuwa ameshafariki, na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Kazi yake kuandika kombe: anaandika aya kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Watu walimjia mpaka kutoka Chukwani. Simkejeli, maana yeye ndiye aliyenisomesha Kurani. Lakini kalamu yake ya mwanzi ilikuwa inadondosha, na mkono ulishaanza kumtetemeka. Siku moja mimi nimekwenda sokoni Darajani, yeye kaja nyumbani, kaiona kalamu yangu juu ya kabati, kaona shida yake imekwisha. Akamwaga wino wangu, akajaza zafarani.

Zafarani! Na nyuzi zake, na marashi yake!

Niliporudi nilimkuta ukumbini na sahani mbele yake, imeandikwa nusu. Alikuwa anabonyeza kitako cha kalamu, tak, tak, tak, na hakitoki kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kalamu yako hii mbovu."

"Mbovu? Umeitia nini, mjomba?"

Akaniambia, tena bila ya wasiwasi wowote. Mtume wee! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kesho yake ulikuwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Tulishaambiwa kuwa penseli haikubaliki, biki haikubaliki, na asiye na kalamu ya wino asijisumbue kuja. Ya kuazima sikuwa nayo, kwani wenye nazo mtaani walikuwa wanakwenda mtihanini wenyewe, na madukani vitu vilishaanza kuadimika. Mtihani ule ukinipita, basi mimi ni wa kukaa ndani mpaka mjomba anitafutie mume.

"Nipe niisafishe," nikamwambia.

"Isafishe. Kisha iweke, kesho asubuhi n'tapita kuichukua. Kalamu iliyokwisha andika aya haiandiki tena mambo ya dunia."

"Na mtihani wangu?"

"Mtoto wa kike mtihani wake uko jikoni."

Ebo! Kanichukulia kalamu, kaniharibia, na sasa anataka kunidhulumu kabisa, tena kwa jina la dini. Mama alikuwa pale pale anashona kofia, wala hakuinua uso. Mama hakuwahi hata siku moja kumjibu kaka yake, na sikumtarajia aanze siku ile.

Mjomba alipoondoka nikakaa uani na kikombe changu. Maji ya kwanza yalitoka manjano, na ua wote ukanukia marashi kama tuna maulidi. Nikabinya, nikabadilisha maji, nikabinya tena. Umanjano ulipungua, lakini nyuzi zilikuwa zimeng'ang'ania katika vijifereji chini ya nibu, hazitaki kutoka. Nikaifikiria sindano, nikaogopa kuipanua nibu. Mama akaja kimya kimya, akanipa uzi mwembamba wa kushonea kofia, akarudi kukaa. Nikaupitisha uzi katika ufa wa nibu, taratibu, huku na huku, mpaka vikaanza kutoka vijipande vyekundu. Maji yale sikuyamwaga mferejini. Niliyamwaga shinani mwa mwasumini, kwani aya hazikunikosea kitu. Aliyenikosea nilimjua.

Nikaiacha kivulini juu ya kitambaa, ikauke yenyewe, kisha nikajaza wino wa buluu na kuandika jina langu. Mara ya kwanza lilitoka kijani. Nikaliandika tena na tena, mpaka likawa buluu tupu.

Asubuhi mjomba alikuwa ameshafika. Kakaa kizingitini, mguu huku na mguu kule, mlango wetu mwembamba wote kauziba. Mimi nimeshavaa buibui langu, kalamu mkononi, na wala sikuificha.

"Shikamoo, mjomba."

Marahaba yake sikuipata. Akanyoosha mkono nimpe.

"Hii yangu, mjomba. Kaniletea kaka. Aya umenifundisha wewe mwenyewe, na katika ulizonifundisha hamna hata moja inayosema mtu achukue cha mwenziwe bila ya ruhusa. Nipishe, nnakwenda."

"Unanijibu?"

"Naam, nnakujibu."

Akanitazama kama hanijui. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa nyuma yangu.

"Unamsikia mwanao? Mkavu wa macho huyu! Mwambie anipe kalamu."

Mama akaiweka kofia yake chini.

"Nimemsikia," akasema. "Na wewe umemsikia. Mpishe, kaka."

Mjomba akakusanya kanzu yake. Akavuta mguu mmoja, kisha wa pili, nami nikapita. Baadaye jamaa walinijia, mmoja baada ya mwengine, ati nende nikamtake radhi. Sikwenda. Nimesomesha watoto wa watu mpaka nimezeeka, na radhi ile sijaitaka hata leo.