Diwani wa Mji Mzima

Kabla sijafumbua macho nilisikia sauti ikimsifu marehemu. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, ya upole, ikipumzika kila baada ya maneno matatu: alikuwa mtu wa watu, ametuachia pengo. Nikabaki kitandani nikijiuliza nani wa kwetu amefariki. Nilipotoka nilimkuta mama mbele ya kioo cha kabati, kitenge begani, akijifunza kumlilia mtu asiyemjua.

Mama yangu ni diwani wa kata yetu, hapa Mutuka. Wiki ile ilizunguka mjini karatasi yenye pendekezo la kubadili namna ya kuchagua baraza: badala ya kila kata kuchagua diwani wake, mji mzima ungepigia kura orodha moja ndefu, na wenye kura nyingi wangeingia, popote wanapoishi. Lilikuwa pendekezo tu. Wananchi walikuwa bado wanaombwa maoni. Lakini mama alilisoma mara mbili, akavua miwani, akasema watu wa Nakwa, kata ya upande wa pili wa mji, hawamjui kabisa. Kisha akauliza kama nimesikia msiba wowote huko.

Wageni hudhani udiwani hupatikana kwa ahadi za barabara. Kwetu hupatikana makaburini. Kabla jeneza halijashushwa, diwani hupewa nafasi ya kusema neno, na neno la mama lilisubiriwa kuliko mahubiri. Hakusifu, alisimulia. Mama alimzika mzee mmoja kwa kueleza jinsi walivyogombania mfereji misimu miwili, mpaka mzee akamletea debe la mahindi bila kuomba radhi, naye akalipokea bila kushukuru. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Uchaguzi uliofuata hakupata mpinzani.

Sasa alitaka maneno ya kuwazika watu ambao hakuwahi kugombana nao. Akanigeukia mimi, mwanawe niliyerudi nyumbani kumalizia riwaya, ambaye hadi siku hiyo faida yangu ilikuwa haijaonekana.

"Wewe si ndiye unayeandika habari za watu wasiokuwepo?" akasema. "Basi niandikie."

Nikaandika, tena kwa moyo wote, naona aibu kukiri. Niliweka mapambazuko, niliweka umande juu ya majani ya mbaazi, niliweka wajukuu waking'ang'ania miguu ya marehemu. Mahali pa jina niliacha wazi. Mama akasema ni nzuri sana, huwezi hata kujua ni nani aliyekufa.

Jumamosi ilikuwa na mazishi mawili. Saa sita, Nakwa, mwalimu mstaafu. Saa nane, kwetu, mume wa jirani yetu, yule mwanamke ambaye shamba lake na la mama yangu hayana hata ua katikati. Mama alipiga hesabu akaona atawahi yote.

Hakujua kwamba kila diwani wa mji huu alikuwa amesoma ile karatasi. Tuliwakuta wote Nakwa, mstari mzima wa viti vya mbele, kila mmoja na karatasi yake mfukoni. Yule wa Maisaka alimsalimia mama akamuuliza undugu wake na marehemu. Mama akamjibu ni ule ule wake yeye. Mmoja baada ya mwingine walisimama kusema kwamba mwalimu alikuwa mtu wa watu. Simu ya mama ikawa inatetemeka ndani ya mkoba. Zamu yake ilipofika, saa nane ilikuwa imekwisha kupita, naye akasoma haraka, mapambazuko, umande, wajukuu wote.

Kaka wa marehemu akasimama kushukuru. "Mwalimu hakujaliwa mtoto," alisema kwa upole, "lakini hao wajukuu, Mheshimiwa, tumewapokea."

Tulipofika Mutuka udongo ulikuwa umekwisha kurundikwa na watu wananawa mikono. Walikuwa wamengoja saa nzima, kisha padri akasema jua haliwangoji. Walimpisha mama kwenye benchi, wakamletea sahani ya makande. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtisha.

Jirani alikuja kwetu baada ya wiki mbili, siku ya mkutano wa maoni, akipitia njiani kwenda ofisi ya kata. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Miaka yote alimwita mama "jirani". Siku hiyo alimwita Mheshimiwa.

Mama alimmiminia chai na kumweleza, kwa maneno mengi kuliko kawaida yake, kwa nini lile pendekezo ni baya na linafaa kukataliwa.

"Mimi nitasema nalitaka," jirani akajibu. "Orodha ndefu ni nzuri. Nitatafuta mmoja wa Nakwa nimpe kura."

"Wa Nakwa atakujulia wapi wewe?"

"Hatanijua. Lakini siku ya kunizika atafika. Nimeona mazishi ya mbali ndiyo mnayowahi."

Mama alizungusha kikombe chake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba lile neno la kumzika mume wa jirani bado analo, lote, hata ule ugomvi wao wa ng'ombe.

"Najua unalo," jirani akasema. "Angecheka sana."

Akamaliza chai yote, kwa heshima, akajifunga vizuri kitenge chake. Mama alipoinuka kumsindikiza, kama tunavyomsindikiza kila mgeni mpaka barabarani, akamwambia asisumbuke, njia anaijua. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukashika.