Ukurasa wa Mfongo

Mwalimu Mektrida alifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na alipostaafu aliendelea kusahihisha kila alichokikuta kimekosewa: mabango ya barabarani, matangazo ya kanisani, hata kadi za harusi. Watu wa mtaa wake wa Rau walimzoea. Kwa hiyo siku aliyogundua kwamba kwenye mtandao kuna kamusi elezo ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha, alihisi kama ameandaliwa shamba. Akatafuta habari za mifongo, ile mifereji ya maji ambayo Wachagga waliichimba tangu zamani kutoka mtoni hadi vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya migomba. Hakukuta hata mstari mmoja.

"Basi tutaandika sisi," alisema.

Ilikuwa mwaka 2008. Alipita makanisani na sokoni akitangaza siku ya mafunzo, Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye chuo kimoja cha kompyuta ambacho mmiliki wake, Bwana Filemon, alikuwa amekubali kumwazima chumba. Walikuja watu kumi na mmoja. Alikuwamo Winfrida, nesi kutoka Old Moshi, na Meku Eliezeri wa hukohuko (meku ni mzee kwa Kichagga), mwenye miaka sabini na sita, aliyewahi kuwa msimamizi wa mfongo wa kijiji chao.

Filemon aliwatazama pale mlangoni, macho yakaishia kwenye gambuti za mzee zenye udongo.

"Mwalimu, nilidhani unaleta vijana. Halafu naambiwa mnaandika kwa Kiswahili! Nani atasoma Kiswahili kwenye kompyuta? Samahani, chumba kina kazi."

"Kazi gani?"

"Kina kazi."

Mektrida hakubembeleza. Aliwageukia watu wake. "Bebeni madaftari. Tunashuka mjini."

Wakaenda kwa miguu, kumi na wawili, mpaka kwenye kafe ndogo ya intaneti karibu na soko. Mwenye kafe, Gladys, aliwahi kuwa mwanafunzi wake alipokuwa darasa la tano. Alipomwona tu alisimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una kompyuta ngapi?"

"Sita. Moja haina herufi M, imeng'oka."

"Hapo nitakaa mimi."

Wakabanana wawiliwawili. Meku Eliezeri alikishika kipanya kama anayeshika kifaranga, akiogopa kukiumiza. Lakini alipoambiwa aeleze mfongo, aliongea bila kupumua: jinsi banio la kuzuia maji mtoni linavyojengwa kwa mawe na magome ya migomba, zamu za maji, faini ya pombe kwa anayeiba zamu ya mwenzake. Winfrida alichapa. Saa tano na nusu ukurasa ukawa hewani, na wote wakapiga makofi.

Haikupita nusu saa, juu ya ukurasa ukatokea mstari mwekundu: *Ukurasa huu unapendekezwa kufutwa. Hauna chanzo.*

"Chanzo ni nini?" mzee aliuliza.

"Kitabu au gazeti linaloonyesha kwamba tulichoandika ni kweli," alisema Mektrida.

"Mimi ndiye niliyelala kwenye banio lile mvua ikinipiga! Huyo anayetaka kufuta yuko wapi?"

"Sijui, Meku. Pengine yuko Ulaya."

"Mwambie aje ashike jembe."

Wengine walishaanza kukunja madaftari. Mektrida alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hakuna anayeondoka. Filemon katufukuza asubuhi, huyu anatufukuza mchana. Mimi leo nimeshachoka kufukuzwa." Akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, baada ya kuazima kitufe cha M kwenye kibodi ya Gladys: *Msifute. Tupeni hadi jioni. Chanzo kinakuja.*

Akamtuma Winfrida mbio maktaba kabla haijafungwa. Nesi yule alirudi akihema, na kitabu cha zamani cha kilimo mkononi. Ukurasa wa arobaini na moja ulieleza mifongo, mabanio na zamu. Faini ya pombe haikuwamo. Wala ukoo wa Eliezeri, ambao kwa ombi la mzee ulikuwa umeandikwa kwamba ndio uliochimba mfongo wa kijiji.

"Hivyo viwili tunaviondoa," Mektrida alisema taratibu.

Mzee akasimama. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikiandika kisichothibitika, watafuta vyote, na Filemon atacheka. Jumanne nitakuja kwako na daftari. Nitaandika habari za ukoo wako, nizipeleke gazetini. Zikichapishwa, tutazirudisha humu, na hakuna atakayezigusa."

Mzee aliondoka bila kuaga.

Saa kumi na moja mstari mwekundu uliondolewa. Zilibaki aya tatu fupi, chini yake jina la kitabu na namba ya ukurasa. Gladys alileta chai, wakainywa wakiwa wamesimama.

Jumanne Mektrida alipanda Old Moshi. Meku Eliezeri alikuwa kihambani, bado amenuna, lakini kigoda cha pili kilikuwa tayari kivulini na wazee wengine wawili walikuwa wakingoja. Walimsimulia hadi jioni. Gazeti lilikataa mara ya kwanza, likakataa mara ya pili. Mwezi wa tano wahariri wakachapisha habari hizo, wakiwa wamekosea tahajia ya jina la mto.

Mektrida aliwapelekea barua ya masahihisho siku hiyohiyo.