Pikipiki Niliyoiacha Ikiunguruma

Niliusema uongo ule mbele ya meza ya sajini wa polisi pale Makambako, kofia mkononi, vumbi la upepo limenijaa machoni. Ulikuwa uongo wa neno moja. Sajini aliuliza, "Pikipiki uliifunga kwa mnyororo?"

"Ndiyo, afande."

Sikuwa nimeifunga.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi mitano tu kabla ya hapo. Misheni iliniajiri Njombe kukagua shule za vijijini, na kwa kuwa shule zilikuwa zimetawanyika, nilipewa pikipiki. Wakati ule wa Mwingereza, kijana wa Kiafrika juu ya pikipiki alitazamwa mpaka apotelee konani, na mimi kila nilipotazamwa nilidhani kuna kitu kimelegea nyuma. Mkuu wa misheni, Mzungu mrefu aliyesema polepole, alinikabidhi mnyororo na kufuli. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wangu, wa pili ukaning'inizwa msumarini kwa mtunza stoo.

"Kila ukisimama, unafunga," mkuu alisema. "Watu wa bima wanataka hivyo."

Lakini watu wa bima hawakuijua baridi ya Njombe. Mwezi wa sita na wa saba umande uliganda juu ya tangi la petroli, na injini ikizimika ungepiga kiki mpaka goti life ganzi. Usiku niliifunika pikipiki blanketi kama mgonjwa. Kwa hiyo wachache tuliokuwa na pikipiki upande ule tulikuwa na mazoea yaleyale: ukisimama kidogo, kuacha barua au kusalimia, huzimi. Unaiegesha inaunguruma, unarudi, unaondoka. Mkuu mwenyewe aliacha yake ikiunguruma mbele ya kanisa.

Siku ile niliteremka Makambako kupeleka barua kwenye duka lililopokea mfuko wa posta. Baada ya safari yote ile injini ilikuwa ya moto. Ingewaka kwa kiki moja. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko jambo lolote lingine maishani mwangu. Niliiacha ikiunguruma kwa mazoea tu, mnyororo ukiwa ndani ya mfuko wa nyuma ya kiti, nikaingia. Nilikuwa bado nahesabu bahasha niliposikia mngurumo umepanda. Nikajiambia ni upepo. Nilipotoka palikuwa na tone la oili chini, na mama aliyekuwa akiuza viazi ng'ambo ya barabara.

"Mama, umeiona pikipiki yangu?"

"Si kaichukua mwenzako? Yule kijana mwembamba, mwenye koti la jeshi. Amenipungia na mkono."

"Sina mwenzangu, mama."

"Ee! Basi mwalimu, umeibiwa na mtu mwenye adabu."

Huyo mama nilimwogopa wiki tatu nzima kuliko polisi, kwa sababu aliiona ikiunguruma bila mnyororo, na sajini hakumuuliza.

Fomu ya bima ilipofika niliijaza. Je, chombo kilifungwa? Ndiyo. Funguo ni ngapi? Mbili. Wa pili uko kwa nani? Hapo kalamu ilisimama kidogo, kisha nikaandika: kwa mtunza stoo. Ilikuwa kweli. Hata nilifurahi kwamba katika fomu ile kulikuwa na jibu la kweli pia.

Asubuhi moja wakala wa bima akaja kutoka Iringa, bwana wa miwani na viatu visivyoshika vumbi. Njiani alikuwa amemchukua sajini. Tukakaa ofisini kwa mkuu.

"Mnyororo ukikatwa," wakala alisema, "pete iliyokatwa hubaki chini. Sajini, mliokota pete?"

"Hatukuokota kitu, bwana."

"Basi ulifunguliwa kwa ufunguo."

Akaitwa mtunza stoo. Alikuwa rika la baba yangu, na mimi nilimwita baba. Hakuna siku alinipa petroli bila kunitania kwamba nakagua matairi kama bibi harusi anavyokagua vyombo.

"Siku ile ulikuwa wapi?" sajini aliuliza.

"Makambako, bwana. Nilitumwa kupokea misumari kwenye lori."

"Na ufunguo huu anaushika nani?"

"Mimi, bwana. Mimi na ule msumari wa ukutani."

Hakuna aliyecheka. Sajini akasimama. "Utakuja nasi Boma, hapahapa Njombe."

Ndipo mtunza stoo aliponigeukia. Hakuniangalia kama mtu anayenishuku. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia kijana wa nyumbani kwake aliyesoma. "Mwalimu, waambie basi. Mimi kile kitu nakiogopa hata kikiwa kimezimwa."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa napiga mahesabu: nikisema, nimedanganya polisi, na hicho ni kifungo; nimedanganya bima, labda na hicho ni kifungo kingine; kazi imekwisha; cheti kitachanwa, kama vyeti huchanwa, sikujua. Nilipofika mwisho wa mahesabu walikuwa wamekwisha kumtoa nje.

Mchana ule mke wake alikuja kwangu. Alipiga hodi, tukasalimiana kamwene, salamu ya kule Njombe, akaketi kwenye kigoda, shuka limemfunika mabegani.

"Wewe unajua kuandika," alisema. "Niandikie barua ya Boma. Sema baba yao hajui hata kukiwasha kitu kile."

Nikachukua karatasi. Niliandika kwamba mtunza stoo ni mtu mwaminifu. Niliandika kwamba hawezi kuendesha pikipiki. Kisha ilinibidi nieleze, sasa, mnyororo ulifunguliwa vipi, na sikuweza. Nilijaribu sentensi nne. Kila moja iliishia kwa mtu asiye na kosa. Ya tano niliiandika haraka, kabla sijapata nafasi ya kuifikiria: *Mnyororo haukufungwa. Niliiacha pikipiki inaunguruma.*

"Soma," alisema.

Nikamsomea mpaka neno la mwisho.

Akajifunga shuka upya. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi simama twende. Usianze kufikiri, twende."

Alitangulia mbele, mimi nyuma na barua yangu, na njia yote mpaka Boma hakugeuka kunitazama. Sajini aliisoma mara mbili. Nikamtajia mama wa viazi, na kijana mwembamba, na koti la jeshi. Wakala, aliyekuwa pembeni akinywa chai, alisema kwa upole kabisa kwamba kwa bima, chombo kilichoachwa kinaunguruma ni chombo kilichotolewa zawadi. Madai yakaishia pale.

"Andika maelezo mapya," sajini alisema. Nilipomaliza aliyachukua, akayabana pamoja na yale ya kwanza. "Haya yote mawili yanakaa kwenye faili. Siku tukikuhitaji tunajua ulipo."

Hawakunihitaji. Lakini kila bahasha ya serikali iliyofika misheni niliigeuza kwanza kutafuta jina langu. Mkuu hakunifukuza. Aliposikia kwamba niliiacha ikiunguruma aliitazama pikipiki yake kupitia dirishani, akasema tu kwamba shule nitazikagua kwa miguu. Tangu siku hiyo yake aliizima, akapiga kiki mbele ya kanisa mpaka jasho likamtoka, waumini wakimsubiri.

Mtunza stoo alitoka jioni ileile. Kwa wiki nzima salamu yangu aliijibu akiwa amenipa mgongo, akipanga magunia. Halafu asubuhi moja nilikwenda stoo kuomba chaki. Aliniwekea boksi juu ya meza, na juu ya boksi akaweka kiberiti chake mwenyewe.

"Mwalimu, kiberiti changu hicho, unakiona?"

"Nakiona, baba."

"Kikipotea, utasema kilikuwa wapi?"

"Juu ya meza, baba."

"Kimefungwa?"

"Hakijafungwa."

Akakichukua, akakitia mfukoni, na akanisukumia chaki. "Haya, nenda. Kwenda kwa miguu ni mbali, na wewe bado utasimama njiani kufikiri."