Siku ya Kuchoma Vyungu vya Bibi Skola

Enzi zetu, sisi tuliokulia Uwemba kwenye baridi ya kugandisha mpaka makamasi, chungu hakikutoka dukani. Kilitoka mikononi mwa bibi yangu Skola na kina mama wenzake, na bibi huyohuyo ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nyie mliozaliwa na gesi hamjui maharage yanayochemka kwenye chungu tangu asubuhi, yananukia mpaka jirani anakumbuka ghafla kuja kuwasalimia.

Bibi alikuwa na sheria moja: vyungu havichomwi watu wakiwa wamenuniana. Vitapasuka. Kwa hiyo siku ya kuchoma anapita kila nyumba. "Kamwene," anasalimia. "Nani kamkosea nani humu?" Na watu walisema, maana kila nyumba ilikuwa na chungu chake pale. Shida, wengine walikuwa hawajui kama wamekosewa. Mama Tulia alimwomba jirani yake msamaha kwa kumsema kisimani kwamba ugali wake unanyweka. Jirani hakuwa na habari kabisa. Ikabidi bibi awapatanishe upya, saa nzima.

Mimi nilikuwa na langu. Bibi alikuwa na jiwe la kulainishia vyungu, alilirithi kwa mama yake. Nililichukua kupopolea mafyulisi ya katekista, likaenda kutumbukia korongoni. Fyulisi lenyewe halikudondoka. Bibi alilitafuta wiki nzima, akawa analainisha kwa gunzi la mahindi. Jioni moja akawaambia wenzake, "Kichwa kimezeeka, sikumbuki hata nilipoliweka. Nikichoma hivi, naacha ufinyanzi na ubalozi pia." Wenzake wakalia. Mimi nikaomba niongezewe maharage.

Siku yenyewe aliponifikia akauliza, "Na wewe, Imelda?" Nikasema sina kosa. Vyungu vikapangwa, nyasi juu, magome ya miti ya miwati, moto ukawaka. Kila ukuni ukilia, mimi nachungulia kama kuna chungu kimepasuka. Moto ulipokufa wakavitoa kwa miti, bibi anagonga kimoja kimoja na kijiti. Vyote vizima. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi mdomo ukaniponyoka: "Hata kimoja? Hebu angalieni vizuri."

Bibi akanigeukia taratibu.

"Wenzio wanashangilia, wewe unashangaa. Ulitaka vipasuke kwa kosa lipi?"

Nikasema yote, mpaka na mafyulisi ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeniuliza. Bibi akakaa chini, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Kumbe kichwa changu kizima, jamani. Mwizi ninaye ndani." Hakuacha ufinyanzi wala ubalozi. Kiboko nilikipata alipomaliza kucheka, na korongoni nilishushwa kila Jumamosi mpaka jiwe likaonekana.

Siku hizi hapa Makambako mtu akinuna anajitoa kwenye grupu, basi, ugomvi unakaa miaka. Juzi nilivunja chupa ya chai ya mama mdogo, nikanyamaza. Akasema labda ni paka, macho yake kwenye simu. Nikasimama mbele yake na uso wangu wote wa kosa, nasubiri ausome. Wapi. Mwisho nikaungama mwenyewe.

"Sawa," akasema, akaendelea na simu yake.

Nusura nimwombe anichape.