Bakuli la Mtawa

Jumatatu, katika basi la kutoka kitongoji cha New Hope, huku ughaibuni kwenye baridi, nyuma yangu walikaa wasichana wawili wa Kikenya, wanafunzi wa chuo. Mmoja alikuwa amerudi juzi kutoka Thailand, alikokwenda na kanisa lake kuhubiri kwa wiki mbili. Alimwonyesha mwenzake bakuli jeusi la chuma.

"Kijana mtawa wa Kibudha aliokoka, haki ya Mungu! Siku ya mwisho akavua ile nguo ya manjano, akanipa hili. Jumapili nalionyesha kanisani."

"Si ututilie njugu humo!" mwenzake akacheka.

Ng'ambo yao alikaa mama mzee mzaliwa wa Laos, ambaye huwa tunasalimiana. Alipoliona bakuli alivua glavu, akaunganisha viganja mbele ya uso, akainama. Kisha akasema kwa Kiingereza cha taratibu:

"Mwanangu, kila asubuhi mtawa hupita na bakuli hili, watu humtilia wali. Hana chakula kingine. Sasa anakula nini?"

"Ameokoka, mama. Haombiombi tena."

"Ana kwao?"

"Ni yatima. Amelelewa hekaluni."

"Basi anakula nini?"

Msichana aliligeuza bakuli mikononi. Kisha akanong'ona, "Tulimwachia Biblia."

Mimi nami ni Mkristo. Sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe huomba mkate kwanza, ndipo msamaha. Sijui ni nani aliyetubadilishia mpangilio huo tukiwa safarini kuhubiri.