Mjomba Alivyofundisha Mpira kwa Kiswahili

Mjomba wangu aliamini kwamba Sur nzima, mji ule wa pwani ya Oman, hapakuwa na mtu hata mmoja ajuaye Kiswahili. Aliniambia hivyo garini, njia ya Sinaw, Ijumaa moja ya baridi, akishusha sauti kana kwamba mbuzi wa kando ya barabara wangetusikia na kupeleka habari kwa adui.

Mimi nilikuwa dereva tu. Alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya jicho, daktari kamkataza kushika usukani, na binti zake wote siku hiyo walikuwa na wageni wasiojulikana wametoka wapi. Mimi nina duka la dawa Nizwa na Ijumaa nafunga, kwa hiyo nilikamatwa. Mpira wenyewe nilikuwa naujua kama mtu anavyoujua ugonjwa wa jamaa zake: siumwi mimi, lakini nimekaa nao muda mrefu.

Timu yake ni ya mtaani kwetu, moja katika zile timu za vijana ambazo hazimo kwenye ligi ya vilabu, wachezaji wake wanatoka kazini wanavaa jezi. Mwaka ule, kwa maajabu, walikuwa wamebakisha mechi moja wapande daraja. Wapinzani walikuwa vijana wa Aija, ng'ambo ya khor, ule mkono wa bahari, kule Sur, na mechi ikapangwa Ibra ili pasiwe na mwenyeji. Mjomba hakulala vizuri wiki nzima, akaamka na mpango. Katika timu yake walikuwamo vijana watatu ambao bibi na babu zao walitoka Unguja na Pemba: kipa, ambaye ni mwanawe mwenyewe, beki wa kati anayekaa Tanuf, na winga wa kushoto. Hao atawaelekeza kwa Kiswahili. Wa Aija watasikia makelele tu.

"Mjomba," nikamwambia, "si Sur hiyo hiyo ambayo babu zao walikuwa wakienda Unguja kama mtu aendaye kwa shangazi yake?"

"Wale walikuwa wakija kuuza tende na kurudi kwao. Kuuza tende hakukufundishi Kiswahili."

"Na hawa watoto wetu, wanakijua?"

"Wamezaliwa nacho!" akasema, akakunja mikono.

Mwanawe huyo kipa, juzi yake tu, alikuwa ameniambia "mkono yangu inauma, nipe dawa ile kubwa," nami nikampa, kwa sababu nilimfahamu. Lakini kufahamu mkono yangu inauma si sawa na kucheza mpira kwa Kiswahili.

Uwanja wa Ibra ule una majani ya bandia na wavu wa chuma kuuzunguka. Wanaume wanakaa upande wa jukwaa, na sisi wanawake tuliokuja tunaegesha magari nyuma ya wavu upande wa pili, tunaangalia kutoka vitini. Mabenchi ya timu nayo yako upande huo huo wetu, kwa hiyo nilimwona Mjomba kisogo chake, kanzu yake nyeupe na kofia, akitembea mbele ya benchi mikono nyuma kama kadhi. Niliegesha kando ya gari moja kubwa jeupe. Mlango wake ulikuwa wazi na ndani alikaa bibi mmoja wa makamo ya juu kabisa, themanini hakosi, mwembamba, miguu kaining'iniza nje. Pembeni yake palikuwa na birika la kahawa, na simu imeegemezwa kwenye birika. Nikamsalimu kwa Kiarabu, akanijibu kwa Kiarabu, kila mtu akageukia mpira.

Mpango wa Mjomba ulianza kuvuja mapema. Winga wetu alipata mpira, beki wa Aija akamjia mbio, na Mjomba akapiga kelele kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka hamsini: "Mvishe kanzu! Mvishe kanzu!"

Sasa, yeyote aliyecheza mpira Unguja anajua maana yake: urushe mpira juu ya kichwa cha mwenzio, umzunguke, uuchukue upande wa pili. Winga wetu hakucheza mpira Unguja. Yeye alizaliwa Nizwa, na kanzu anayoijua ni ile anayoivaa kwenda kazini. Nilimwona anasita, anamwangalia beki, anamwangalia Mjomba, kisha kwa utiifu mkubwa akamshika yule beki jezi kwa mikono miwili, akamvuta kuelekea kwake kama anayetaka kumvua. Refa akapiga filimbi na kutoa kadi ya njano. Kijana akainua mikono kumwonyesha Mjomba: si umesema wewe?

Nilicheka mpaka nikafunga kioo. Nilipokifungua tena ndipo nikasikia. Mjomba alikuwa anamwambia beki wa Tanuf, "Mwache huyo, mkabe mrefu!" na yule bibi, bila kuinua macho, akainamia simu yake na kusema kwa Kiarabu cha Sur, taratibu kabisa: "Beki wao anamfuata mrefu sasa. Mpe yule mwingine." Nikatupa jicho benchi la Aija. Kocha wao, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa na kidude sikioni. Akanyanyua mkono, na mpira ukapelekwa kwa yule mwingine.

Nilishuka garini. Nilitia ushungi wangu vizuri, nikaenda mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kile cha marehemu mama yangu, kila herufi mahali pake. "Nilikuwa najiuliza utachukua muda gani. Kaa. Kula visheti."

Nikakaa kwenye kizingiti cha gari, nikala visheti. Yule kocha ni mwanawe, akanieleza, na Kiswahili hana, kakataa kujifunza tangu mdogo. Leo ndiyo kamkumbuka mamake. Mimi nikaona njia ni moja tu, nimchukue kwa mazungumzo mpaka asahau mpira. Nikamuuliza alikaa mtaa gani Unguja. Akaniambia. Nikamuuliza harusi yake ilikuwaje. Hapo uso ukamfunguka, nikajua nimempata. Akaanza na vazi, akaja kwenye ngoma, akafika kwa mama mkwe: "Basi mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akasimama mlangoni, hataki kuniingiza, akaniambia..." Mjomba akapiga kelele huko, naye bibi akageukia simu: "Winga wao anakuja katikati, babangu." Kisha akanirudia mimi: "...akaniambia, viatu hivyo umevitoa wapi?" Hakupoteza hata neno moja, wala upande huu wala ule.

"Na huyo kipa wenu," akaniuliza akinimiminia kahawa, "ni nani wako?"

"Mtoto wa mjomba wangu."

"Maskini, naona kama mkono unamsumbua. Upi?"

Mkono uliomsumbua ulikuwa wa kushoto. Nikakitazama kikombe changu, nikasema, "Wa kulia."

Bibi akanywa kahawa yake. Halafu akainamia simu. "Kushoto kwake, mwanangu. Mpige kushoto kwake." Mara Aija wakapata mpira wa adhabu, mtu wao akaupiga chini kushoto, na mtoto wa mjomba wangu akauangukia kama mtu anayeogopa kulalia mkono. Goli. Magari yote ya wa Aija yakapiga honi.

"Hukunitazama machoni," bibi akaniambia, akaniongezea visheti.

Mapumziko nilikimbilia benchini kwetu. Nilipomweleza Mjomba, kwanza alikasirika, akataka kwenda kwa refa. Nikamuuliza atashitaki nini, kwamba kuna ajuza anafahamu Kiswahili? Halafu nikaona macho yote mawili, la operesheni na lisilo la operesheni, yanang'aa. "Basi nitamlisha uongo," akasema. Akawaita wale watatu pembeni. "Sikizeni. Kipindi cha pili nikisema kulia, ni kushoto. Nikisema rudi, ni nenda. Mmefahamu?"

Wakatazamana. Winga, bado na uchungu wa kadi yake, akasema, "Kochi, mimi kulia na kushoto za Kiswahili ndiyo kwanza najua wiki hii. Sasa unageuza?"

"Ndiyo, nageuza."

"Yaani kulia ni kulia ya kushoto?"

"Nenda uwanjani," Mjomba akasema.

Kipindi cha pili kilianza vizuri kwetu, na mpaka leo mimi na Mjomba hatukubaliani kwa sababu gani. Winga alipopata mpira, Mjomba alipiga ukelele wa "Kulia! Kulia!" uliosikika mpaka mji wa Mintirib. Bibi akaipeleka ile habari simuni, mwanawe akapunga mkono, na mabeki wawili wa Aija wakahamia upande wa kulia wakisubiri. Kijana wetu, nilimwona wazi, alisimama kufikiri. Kulia ni kushoto, kushoto ya nani? Akachoka kufikiri, akapita katikati, ambako hapakuwa na mtu yeyote, akafunga. Mjomba akaruka juu, kofia ikamwanguka. Akanigeukia kule kwenye magari na kugonga kichwa chake kwa kidole: akili hiyo!

Bibi akainua macho. Akaangalia uwanja, akamwangalia Mjomba, akaniangalia mimi, na safari hii nilimtazama machoni, lakini haikusaidia.

"Anasema kinyume," akasema.

"Sijui, bibi."

"Anasema kinyume, yule mzee, na wewe ndiye uliyemwambia." Hakuonekana kukasirika. Akazima simu kabisa, akaitia mkobani, akashuka garini kwa kushika bega langu, akaenda kusimama kwenye wavu. Nilidhani anataka kuona vizuri zaidi.

Winga wetu alikuwa amepata mpira tena, kashampita mtu wa kwanza, kashampita wa pili, mbele yake kipa tu. Na yule bibi mwembamba akafungua kinywa, ikatoka sauti ambayo sijui aliificha wapi:

"Weye! Unakwenda wapi weye? Hebu rudi hapa! Rudi nikwambie!"

Kijana akasimama. Wallahi alisimama, mpira mguuni, akageuka, na usoni mwake palikuwa na ile khofu ya mtoto aliyekamatwa na bibi yake anatoka nje kabla ya kula. Kanzu hakujua maana yake, kulia na kushoto zilimchanganya, lakini ile sauti aliifahamu yote. Beki wa Aija akaja akamchukulia mpira kwa upole, kama anayemwondolea mzigo.

Wanawake kwenye magari walikufa kwa kicheko, wa kwetu na wa kwao. Mimi nilijishika kwenye wavu. Lakini Mjomba alikuwa anakuja. Aliliacha benchi, akaambaa na mstari mpaka kwenye wavu, kanzu kaikamata kwa mkono mmoja ili imruhusu kutembea haraka, kidole juu, maneno yamejaa mdomoni. Akafika. Akamwona aliyepiga kelele ni nani. Kidole kikashuka chenyewe.

"Shikamoo," akasema. Hakuwa na njia nyingine.

"Marahaba. Ndiye wewe unayewachezesha watoto kwa Kiswahili na hukuwafundisha Kiswahili?"

"Bibi, ule si uungwana, kumwita mchezaji wa watu."

"Nilimwita mjukuu. Kaitika. Wewe wamwita tangu asubuhi, kakuitika?"

"Mie nimecheza mpira Mnazi Mmoja..."

"Ulicheza nafasi gani?"

"Winga."

"Basi ndo maana umesimama pembeni."

Nilikuwa nimesimama karibu nao, upande wangu wa wavu, na mimi peke yangu nilikuwa natazama uwanja. Kwa hiyo niliona yote. Timu yetu, kwa mara ya kwanza siku ile haikuambiwa chochote na mtu yeyote, ikacheza mpira. Beki wa Tanuf akautoa nyuma, ukapita kwa mmoja, kwa wa pili, ukamfikia winga, naye beki wa Aija akamjia mbio kama mwanzo. Kijana akaunyanyua mpira kwa ncha ya kiatu ukapita juu ya kichwa cha yule beki, akamzunguka, akaukuta upande wa pili, akaupiga kabla haujagusa chini. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho haikukawia.

Mjomba aligeuka aliposikia kelele, akawakuta wamelaliana chini rundo zima. "Nini? Nini? Nani?"

"Alikuwa ameotea," bibi akasema, ingawa yeye naye macho yake yalikuwa kwa Mjomba tu.

Mwanawe yule kocha alikuja baadaye, mnyonge, akampa Mjomba mkono, akamsaidia mamake kupanda gari. Mjomba akasimama mlangoni mwa lile gari jeupe muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuaga mtu aliyemshinda. Nilisikia wanashindana duka fulani la halwa Unguja lilikuwa upande gani wa njia. Aliporudi garini kwetu alikuwa na visheti vimefungwa kwenye karatasi, hakunipa.

Tulipoliacha soko la Ibra nyuma akasema, "Hebu nihadithie lile goli."

Nikamhadithia kama lilivyokuwa. Kabla ya Sinaw akataka tena, nikamhadithia tena, nikaongeza mchezaji mmoja aliyepitwa. Mara ya tatu tulikuwa tunakaribia nyumbani, giza linaingia, na goli lile lilikuwa limeanzia nusu ya uwanja wetu, na kijana, kabla ya kuunyanyua mpira, alikuwa ametupa jicho kwenye wavu kumtafuta kocha wake.

"Aliniangalia?"

"Alikuangalia, Mjomba. Halafu akamvisha kanzu."

Mjomba akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho yote mawili. "Nilimwambia," akasema. "Si ulinisikia nikimwambia?"